Je, Kumchunguza Muuzaji ni Kukosa Upendo?



Tunaandika juu ya jambo lililompata mama mmoja wa parokia yetu, hapa Likasi. Ametupa ruhusa ya kulieleza bila kutaja jina lake.

Alikuwa akitafuta mashine ya kushona. Katika Facebook akaona picha ya mashine nzuri kwa dola 90, na sokoni ya namna ile inapita dola 180. Muuzaji alisema anakaa Lubumbashi. Katika WhatsApp alimwita "mama yangu katika Bwana", akamtumia maombi kila asubuhi. Siku ya tatu akamwambia kwamba watu wawili wengine wanaingojea mashine hiyo, basi atume avansi ya dola 45 kwa telefone mbele ya jioni. Mama akatuma. Kesho yake mashine ilikuwa imezuiliwa Kasumbalesa, duane inaomba dola 25. Akatuma tena. Kisha dola 20 za usafiri. Nyuma ya hapo meseji hazikufika tena.

Toka Likasi mpaka Lubumbashi ni kama kilomita 120. Tulimuuliza: "Mama, kwa nini haukupanda basi kwenda kuiona?" Jibu lake ndilo limetufanya tuandike. Alisema: "Nilisikia haya. Mtu anayeniombea kila asubuhi, nitamwambia namna gani kwamba simwamini?"

Wengi wetu tuna mawazo hayo. Tunafikiri kwamba mwenye upendo haulizi maulizo mengi, na kwamba kumpima ndugu ni kumtukana. Basi tusome tena Mwanzo sura ya 23. Sara amekufa, na Ibrahimu anatafuta pango la Makpela. Efroni anamwambia kwa heshima nyingi kwamba anampa shamba bure. Hakuna maneno matamu kupita hayo katika soko lolote! Lakini Ibrahimu hakusimama juu ya maneno. Alipima feza, shekeli 400, watu wa mji wakisikia, na shamba likatajwa pamoja na pango na miti yake. Na alikuwa mfiwa, siku ambayo mtu hana nguvu ya kubishana. Hatusomi kwamba Efroni alikasirika. Huyo aliyepima mbele ya mashahidi ndiye tunayemwita baba wa imani.

Muuzaji mwaminifu hakasiriki ukimwomba akuonyeshe mashine kwa video saa ile ile, na jina lako limeandikwa juu ya karatasi karibu nayo. Picha peke yake haitoshi, kwani mwizi huchukua picha za duka la mwingine. Ukisema, "Ndugu yangu wa Lubumbashi atakuja kuiona na kulipa pale pale," mwaminifu anafurahi, maana anauza. Yule anayejibu kwamba hauna imani, amekwisha kujionyesha. Angalieni tena jina la mwenye namba inayopokea feza. Kama si jina la muuzaji, msitume hata faranga moja mbele ya kuelewa sababu.

Sherti tuseme ukweli juu yetu wenyewe pia. Mama alitueleza kwamba alifikiri muuzaji hajui bei ya mashine, akataka kuinunua mbele hajaijua. Mwizi analijua wazo hilo vizuri, ndiyo sababu aliweka nusu ya bei. Lakini hatukubaliani na wale wanaosema kwamba aliyedanganywa ana kosa sawa na mdanganyi. Kutamani bei ndogo ni uzaifu wa kila mtu sokoni. Kuiba ni jambo lingine kabisa.

Tulishangaa zaidi juu ya zile dola 25 na 20. Alizitoa ili kuokoa dola 45 za kwanza, na ni kwa njia hiyo wengi wanamalizwa. Feza zilizokwenda hazikombolewi kwa feza zingine. Na mtu akija kusema kwamba anaweza kuzirudisha kama ukimlipa kwanza, ni mwizi wa pili; pengine ni yule yule kwa namba nyingine.

Mama alinyamaza wiki tatu kwa haya. Ndani ya wiki hizo, papa mmoja wa kwaya alituma dola 60 kwa namba ile ile. Hatumhukumu mama, lakini tunauliza: haya yake ilikuwa ikimlinda nani? Angepiga simu siku ile ile kwa kampuni ya telefone, pengine feza zingekutwa hazijatolewa bado. Angechunga meseji zote na kuzipeleka polisi. Sheria iko: kanuni ya azabu ya inchi yetu inaazibu udanganyifu wa namna hii, na tangu tarehe 13 Machi 2023 iko pia sheria ya mambo ya numeriki. Tunajua kwamba kufungua dosie kunaomba safari nyingi, na wengi wanachoka njiani. Lakini kuonya jirani hakuombi dosie.

Ndugu mwingine alipokea telefone ya bandia. Alilia, na tulilia naye. Kisha akaiuza sokoni kwa kijana asiyejua, akisema, "Hata mimi niliibiwa." Machozi yake yalikuwa ya kweli, lakini siku ile alihama upande.

Jumapili, wakati wa matangazo, mama alisimama mwenyewe. Miguu ilikuwa ikitetemeka. Alisoma namba ya yule muuzaji, tarakimu moja moja, mara mbili. Kwenye viti vya nyuma msichana mmoja alitoa telefone yake, akaiangalia kwa muda mrefu. Alikuwa ameahidi kutuma dola 40 Jumatatu asubuhi.