Asilimia Tatu Bila Mpokeaji

Malakia, hapa Juba, Sudan Kusini, ni mtaa wa zamani kuliko serikali inayoutawala. Walioujaza enzi ya Waingereza ni askari waliomaliza utumishi pamoja na familia zao, wachuuzi, na watu wa makabila tofauti waliotawanywa na vita vya zamani. Hadi leo Kiarabu cha Juba ndiyo lugha ya nyumba nyingi. Lakini pita sokoni asubuhi utasikia na Kiswahili: cha madereva wanaoleta mizigo kutoka Mombasa na Kampala, na cha vijana wa hapahapa waliosomea kambi ya Kakuma, Kenya, wakiwa wakimbizi.

Kijana mmoja wa namna hiyo, Mtoposa wa upande wa Kapoeta, alinikuta kwa mama chai akiwa na daftari mkononi. Wazee wa kwao walikuwa wamesikia kwamba wenye mitambo wanakuja kutafuta dhahabu, wakamtuma mjini aulize, kwa kuwa yeye amesoma.

"Mzee, tudai asilimia ngapi?"

"Mnadai kwa jina la nani?"

"La jamii."

"Jamii ina akaunti benki?"

Alicheka, akadhani namtania. Sikuwa namtania. Swali lake ndilo wanaloanza nalo watu karibu wote ambao ardhi yao ina madini, na nchi yetu imekwisha kulipa gharama ya kuanza nalo. Nikamwambia akae, chai ya pili ni juu yangu, nimsimulie habari ya asilimia tatu.

Mafuta ya kusini yaligunduliwa na kampuni ya Kimarekani ya Chevron mwaka 1978, karibu na Bentiu. Vita vikaifukuza kampuni hiyo. Bomba la kwenda Port Sudan lilipokamilika mwaka 1999, mafuta yakaanza kuuzwa nje, na vijiji vya Wanuer na Wadinka vilivyokuwa juu ya visima vikahamishwa kwa mtutu wa bunduki. Kwa hiyo uhuru ulipopatikana Julai 2011, na nchi mpya ikawa inategemea mafuta kwa karibu mapato yote ya serikali, watunga sheria walitaka kufanya tofauti na serikali ya Khartoum. Walifanya. Sheria ya Usimamizi wa Mapato ya Petroli ya mwaka 2013 ilisema asilimia 2 ya mapato ziende kwa majimbo yanayozalisha mafuta, na asilimia 3 ziende kwa jamii zenyewe. Nchi nyingi za Afrika zilizochimba mafuta kwa miongo hazijawahi kuandika kitu kama hicho. Ningekuwa mbunge mwaka ule, ningeipigia makofi.

Tatizo lilikuwa mpokeaji. Sheria ilitaka ziundwe kamati za maendeleo za jamii, ndizo zipokee fedha na kupanga matumizi. Kamati haziundwi kwa kutajwa. Zinahitaji watu waitane, wabishane, wachaguane, wakubaliane nani ana haki ya kuitwa mwenyeji na nani ni mgeni aliyefuata kazi. Kabla hayo hayajafanyika, Desemba mwaka huohuo vita vikalipuka hapa Juba, na kufumba na kufumbua Bentiu na Malakal zikawa zinatekwa na kukombolewa kwa zamu. Ambao wangekaa kwenye kamati walikuwa kambini chini ya ulinzi wa Umoja wa Mataifa, au Ethiopia, au Sudan, au kaburini.

Kisha ramani yenyewe ikaanza kucheza. Oktoba 2015 amri ya rais iliyagawa majimbo 10 yakawa 28. Januari 2017 yakawa 32. Februari 2020, ili amani ipatikane, yakarudi 10, na yakaongezwa maeneo matatu ya kiutawala, mojawapo Ruweng, lililoko juu ya visima vya mafuta. Fikiria wewe ni mhasibu umepewa fedha za jamii ya kaunti fulani. Mwaka huu kaunti iko jimbo hili, kesho kutwa imekatwa vipande viwili na kila kipande kina kamishna wake anayedai yeye ndiye jamii. Unampa nani? Mtu mwaminifu atasita. Asiye mwaminifu atafurahi, maana fedha isiyojulikana ni ya nani haina wa kuilalamikia. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa wameandika mara kadhaa jinsi fungu la jamii lilivyoishia mikononi mwa watu wa ofisini, huku wakazi wa karibu na visima wakilalamikia maji yaliyochafuliwa.

Waswahili husema ahadi ni deni. Sawa, lakini deni lina mdai anayejulikana kwa jina, anayekuja mlangoni mwisho wa mwezi. Zile asilimia tatu hazikuwa na mdai.

Kijana aliuliza kama si vita tu vilivyoharibu. Ni swali zuri, kwa sababu tumezoea kuvitwisha vita kila kitu. Nikampeleka kwa mawazo hadi Kwale, pwani ya Kenya, ambako hapakuwa na vita.

Huko Base Titanium ilianza kuchimba mchanga wa titani mwaka 2013, na meli ya kwanza ikapakia Likoni mwanzoni mwa 2014. Watu wa Maumba na Nguluku walikuwa wamekwisha kuhamishwa, na ugomvi wa fidia ulianza zamani, tangu mradi ulipokuwa wa kampuni ya Tiomin. Mwaka 2016 Kenya ikapitisha Sheria ya Madini: mrabaha ugawanywe, asilimia 70 ziende serikali kuu, 20 kaunti, 10 jamii ya mahali madini yanapotoka. Kumi, si tatu. Kampuni ikawa inalipa mrabaha wake Nairobi. Lakini kwa sehemu kubwa ya uhai wa mgodi ule, fungu la jamii lilikaa likisubiri kanuni za kusema jamii ni nani na fedha zipite wapi. Desemba 2024 mchanga ukaisha, uchimbaji ukasimama. Mgodi ulizaliwa, ukafanya kazi miaka kumi na moja, ukafa, na mjadala wa nani apokee ulikuwa bado haujaisha.

Hata hivyo Kwale si hadithi ya hasara tupu, na hapa ndipo nilimtaka kijana aandike. Mgodi ukiwa bado hai, wakulima wa vijiji vya jirani walijiunga katika chama cha ushirika kiitwacho PAVI, yaani pamba na viazi, kwa msaada wa kampuni na washirika wake. Chama kina wanachama walioandikishwa, viongozi waliochaguliwa, na mazao wanayopima na kuuza wenyewe. Sisemi pamba itawatajirisha. Bei ya pamba imewaliza wakulima tangu enzi ya mkoloni. Nasema kwamba kitu kilipotaka kufika kijijini, iwe mbegu, mafunzo au malipo, kilikuta mtu wa kukipokea, hakikungoja kanuni kutoka mji mkuu.

Akaniambia wao si wakulima, ni wafugaji, na dhahabu yao haichimbwi na kampuni bado. Ni kweli, na kwa upande mmoja ni afadhali yao, kwa sababu muda upo.

Kiangazi kinapokaza upande wa Kapoeta, maziwa yakapungua na mtama ukaisha ghalani, wanawake wa Kitoposa huenda kwenye mashimo, Namorunyang na kwingineko. Wanachimba kwa sururu na mikono, wanazoa udongo, wanauosha kwenye karai kwa maji waliyoyabeba kutoka mbali, wakitafuta punje zinazobaki chini. Wakati mwingine kuta za shimo huanguka. Kinachopatikana huuzwa kwa mnunuzi aliyekaa na mizani yake midogo, na bei ni ile anayoitaja yeye. Mwaka 2025 wakia moja ya dhahabu ilivuka dola 4,000 katika soko la dunia. Wakia ni gramu 31 na kidogo, kwa hiyo gramu moja ilikuwa na thamani ya dola 128 hivi. Wachimbaji wadogo wa Tanzania huhesabu kwa pointi, na pointi kumi ndiyo gramu. Mizani ikidanganya pointi moja katika kila gramu, sehemu ya kumi ya jasho la mama yule imekwenda, kabla hatujafika kwenye bei. Asilimia kumi! Kwale walingoja miaka kwa ajili ya asilimia kumi, na huku inaweza kupotea jioni moja juu ya sahani ya shaba.

Ndiyo maana nadhani faida ya kwanza ya kudumu kwa watu wa Kapoeta haihitaji kampuni yoyote. Machi 2019 Tanzania ilifungua soko la madini Geita, na mengine yakafuata mikoa mingine. Mchimbaji mdogo anaingia na dhahabu yake, inapimwa mbele yake kwa mizani iliyokaguliwa, bei elekezi imebandikwa, wanunuzi wenye leseni wako chumba kwa chumba. Kabla ya hapo serikali iliwafutia wachimbaji wadogo kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5, maana ilikuwa imegundua kwamba kodi zile zilikuwa zinakusanywa na magendo. Masoko hayo yana kasoro zake, lakini mtu anayejua bei kabla hajafungua kitambaa chake ni mtu mwingine kabisa.

Geita hiyohiyo ina funzo la pili, chungu. Mgodi mkubwa wa pale ulianza mwaka 2000. Sheria ya fedha za serikali za mitaa iliruhusu halmashauri kutoza ushuru wa huduma hadi asilimia 0.3 ya mauzo. Lakini mikataba iliyosainiwa Dar es Salaam ilikuwa imeweka kiwango kisichobadilika: dola 200,000 kwa mwaka, dhahabu ipande au ishuke. Ikapanda sana. Halmashauri ikaendelea kupokea zilezile kwa zaidi ya miaka kumi. Waliokaa mezani hawakuwa watu wa Geita.

"Basi hakuna waliofanikiwa?" kijana akauliza, kwa sauti ya mtu aliyechoka na habari mbaya.

Wapo. Kaskazini-magharibi mwa Alaska, kwenye baridi ambayo mtu wa Juba haiwezi hata kuiwazia, kuna mgodi wa zinki uitwao Red Dog. Ardhi ni ya Wainupiat, wenyeji wa kule, kupitia shirika lao la NANA. Walikuwa nalo kabla ya mgodi, lina orodha ya wanahisa, lina bodi. Mwaka 1982 walikaa na kampuni ya Cominco wakasaini, na mgodi ukafunguliwa 1989, miaka saba baadaye. Mwanzoni fungu lao lilikuwa dogo ili kampuni irudishe gharama zake. Mwaka 2007 likawa asilimia 25 ya faida, na linapanda asilimia 5 kila baada ya miaka mitano hadi lifike nusu. Wanahisa wa NANA wana kipaumbele katika ajira. Nako si peponi: watu wa kijiji cha Kivalina, kilicho chini ya mto, waliwahi kwenda mahakamani kwa ajili ya maji yao, na zinki yenyewe ina mwisho. Lakini mkataba uliwakuta wamekwisha kuwa mtu mmoja kisheria.

Sisi tunasema ardhi ni ya jamii. Sheria ya Ardhi ya 2009 inaitambua ardhi ya jamii, ingawa kilichomo chini yake ni cha serikali. Sheria ya Madini ya 2012 inataka mwenye leseni kubwa afunge mkataba wa maendeleo na jamii. Mlango upo kwenye karatasi. Atakayeingia kupitia mlango huo akikuta kijiji hakina kamati, atajitafutia wa kusaini naye mwenyewe: chifu mmoja, kamishna, au mwanasiasa wa kwao anayeishi Juba na hajaonja maji ya Kapoeta tangu ubatizo wake. Na saini hiyo itakuwa halali.

Nikamwambia aandike anachotakiwa kurudi nacho kwa wazee. Kwanza majina ya kamati, yasomwe hadharani kila mtu akisikia. Akaunti yenye saini tatu, na mwenye saini mmoja asiwe ndugu wa wengine. Mizani moja ya kijiji, ianze kutumika kiangazi hiki, asingojwe mwekezaji. Maji ya visima yapimwe kabla shimo la kwanza la mitambo halijachimbwa, karatasi ya majibu itunzwe sehemu mbili, maana baadaye hakuna atakayekubali kuwa yalikuwa masafi. Na mkataba useme nani atafukia mashimo, kwa fedha iliyowekwa wapi, tangu mwaka wa kwanza. Asilimia nikaiweka mwisho wa ukurasa.

Akaniambia majina ya kamati anayo tayari, wazee walimpa. Akafunua daftari. Wanaume saba.

"Na dhahabu inachimbwa na nani?"

"Mama zetu."

"Wako wapi hapa?"

Akasema wazee hawatakubali, kwamba kwao mambo ya ardhi huamuliwa na wanaume kwenye baraza, na mwanamke akiongea pale ni aibu. Nikamwambia mama anayekwenda shimoni ndiye anayejua ni mnunuzi gani mizani yake ni nzito, na kamati isiyojua hilo itaibiwa na mtu wa kwanza atakayeketi nayo. Tulibishana mpaka mama chai, aliyekuwa anasikiliza muda wote, akaingilia na kumuuliza nyumbani kwao funguo za ghala hushikwa na nani. Hakumjibu, lakini aliandika nambari nane chini ya yale majina saba, akaacha nafasi.