Aliye Juu Mngoje Chini: Picha za Angani na Deni la Mtazamaji

Katika Umm Salal Mohammed, kaskazini mwa Doha, imesimama minara miwili ya Barzan, yenye kimo cha takriban mita 16. Ilijengwa mwishoni mwa karne ya 19 na kukarabatiwa mwanzoni mwa karne ya 20, katika zama za Sheikh Mohammed bin Jassim Al Thani. Jina lenyewe humaanisha mahali palipoinuka. Mlinzi aliyepanda ngazi zake alikuwa na kazi moja, nayo ni kutazama: maji ya mvua yaliyokusanyika bondeni, wageni waliokaribia, vyombo vya wapiga mbizi wa lulu, na mwezi unapoandama.

Dari za minara hiyo zimeshikiliwa na miti ambayo watu wa Ghuba huiita danshal. Msomaji wa pwani ya Waswahili anaijua miti ya namna hiyo kwa jina la boriti. Ni mikoko iliyokatwa katika matope ya Lamu na delta ya Rufiji, ikapakiwa majahazini na kusafirishwa kwa pepo za kusi hadi nchi zisizo na misitu. Katika majengo mengi ya zamani ya Ghuba, urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba. Hata katika vyombo vya lulu walikuwamo watu waliochukuliwa utumwani kutoka Afrika Mashariki. Utumwa ulipigwa marufuku Qatar mwaka 1952, na historia hiyo leo husimuliwa katika makumbusho ya Bin Jelmood mjini Doha. Kutoka mnarani chombo cha lulu kilikuwa tanga tu juu ya maji. Mzamiaji aliyekuwa chini ya chombo hakuonekana. Mlinzi, basi, alisimama juu ya jasho la watu ambao jicho lake halikuweza kuwafikia. Je, anayetazama kutoka juu ana deni gani kwa walio chini?

Swali hilo limerudi kwa sura mpya katika vitabu vikubwa vya picha za angani. Mpigapicha Mfaransa Yann Arthus-Bertrand alikwenda Kenya katika miaka ya 1970 kuwachunguza simba wa Maasai Mara pamoja na mkewe. Huko akawa rubani wa puto, na ni kutoka katika puto alipogundua kwamba ardhi ina uso usioonekana na anayetembea juu yake. Kitabu chake cha mwaka 1999, La Terre vue du ciel, kilinunuliwa kwa mamilioni ya nakala. Picha yake mashuhuri zaidi ni ya mikoko ya Voh, New Caledonia, ambamo uwazi wa asili umechora umbo la moyo. Mkata boriti aliyezama matopeni hadi magotini asingeuona moyo huo maisha yake yote.

Mvuto wa picha hizi si siri. Mpigapicha anapoelekeza kamera chini moja kwa moja, upeo wa macho hutoweka, na pamoja nao hutoweka kipimo. Mto huwa uzi, mashamba huwa viraka, mji huwa nakshi. Mvulana mwenye kundi la mbuzi huwa kitone. Mchapishaji naye huikamilisha kazi hiyo: hutandaza picha kwenye kurasa mbili za karatasi ya kung'aa, akayaondoa maandishi na kuyapeleka nyuma ya kitabu. Ardhi inageuka kitambaa.

Lakini Waswahili wana kitambaa chao, nao hawakukiacha kiwe bubu. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina. Mtu hununua kanga kwa rangi zake, lakini ni jina linalosema kitambaa kinamlenga nani na kwa sababu gani. Picha ya angani isiyo na maelezo ni kanga yenye mji usio na jina: inapendeza, na haimwajibikii mtu.

Madhara yake si ya nadharia tu. Bernhard Grzimek na mwanawe Michael waliwahesabu wanyama wa Serengeti kutoka katika ndege iliyopakwa milia ya pundamilia. Michael alifariki ndege hiyo ilipoanguka Januari 1959, na mwaka huohuo kitabu chao kikaiambia dunia kwamba Serengeti haipaswi kufa. Kazi yao ilikuwa ya upendo, na Serengeti ingali hai. Lakini mbuga iliyopendwa kutoka juu ilikuwa mbuga isiyo na watu, na katika miaka hiyohiyo Wamaasai waliondolewa humo, baada ya wazee wao kutiwa katika makubaliano ya mwaka 1958. Picha haikuwaondoa. Hata hivyo, jicho lililozoea kuona uwanda mtupu halishtuki uwanda unapofanywa mtupu.

Mtu anaweza kujibu kwamba bila jicho la juu yapo yasiyojulikana. Mvuvi haoni ukubwa wa msitu wa mikoko uliokatwa. Huona tu kwamba samaki wamepungua. Jibu hilo ni la haki. Kuanzia mwaka 2015, mradi wa Ramani Huria mjini Dar es Salaam ulitumia picha za droni kupambana na mafuriko. Picha pekee hazikutosha: wanafunzi na wakazi wa kata kama Tandale walitembea mtaa kwa mtaa, wakaandika majina ya njia na mahali pa mifereji. Waliotazamwa wakawa watazamaji, na picha ikapata jina lake.

Basi uzuri wa picha si kosa, wala urefu si dhambi. Kosa ni kupanda bila kushuka. Mlinzi wa Barzan, kwa mapungufu yake yote, alishuka jioni akanywa maji ya bonde lilelile alilolilinda. Akikosea kutazama, kiu ingekuwa yake pia. Msomaji wa kitabu hukifunga tu.

Leo, mashariki mwa Umm Salal, kipo kisiwa cha bandia kiitwacho The Pearl, ambacho umbo lake huonekana kamili kutoka angani tu. Katika picha yake hawaonekani vijana wa Kenya, Uganda na Tanzania wanaofanya kazi ya ulinzi, udereva na usafi mjini Doha. Waswahili husema aliye juu mngoje chini. Kitabu chema cha picha za angani ni kile kinachomshusha msomaji kabla hajafika ukurasa wa mwisho, akutane na waliokuwa wakimngoja.