Kwani Leo Si Jumamosi?

Kiswahili kina vitenzi viwili vinavyotenganishwa na silabi moja tu. Anayejitoa ameondoka: amejitoa kwenye chama, amejitoa kwenye mchango. Anayejitolea amebaki, tena amebaki na beleshi mkononi. Nililiona hilo kuwa jambo la sarufi hadi Jumamosi moja, mtaani kwetu Dar es Salaam, tulipokuwa tukizibua mtaro kabla ya masika. Kijana mmoja, mpangaji, alikuwa ndani ya tope hadi magotini. Sote tulijua kodi yake inaisha mwezi ule na ameshapata chumba upande wa pili wa jiji. Mvua zisingemkuta pale. Nikamuuliza, "Mdogo wangu, wewe si unahama?" Akainua uso, akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo lisilo na haja ya kuulizwa. "Kwani leo si Jumamosi, kaka?" Akaendelea kuchota.

Jibu lile limenikaa moyoni. Kwa nini mtu atoe asubuhi yake kwa ajili ya mtaa?

Jibu linalokuja haraka ni faida. Mtaro ukiziba, maji yanaingia ndani. Hili si dogo kwa mtu wa Dar es Salaam. Desemba 2011 mafuriko yaliua zaidi ya watu 40 jijini, na familia nyingi za bonde la Msimbazi zikahamishiwa Mabwepande. Anayekumbuka siku zile hahitaji kuelezwa mtaro ni wa nini. Lakini faida inamweleza mwenye nyumba, haimwelezi mpangaji anayefungasha. Na hata mwenye nyumba haimwelezi sawasawa, kwa sababu akipiga hesabu yake vizuri itamshauri alale. Wenzake wakizibua, maji yatapita na kwake pia. Hivyo anayeamka amefikiria kitu ambacho hesabu ile haikukigusa.

Basi ni amri? Mwaka 2015 Rais Magufuli alifuta sherehe za Uhuru za tarehe 9 Desemba, akaagiza siku hiyo iwe ya usafi nchi nzima, naye mwenyewe akatoka kuokota taka. Baadaye Jumamosi ya mwisho wa mwezi ikawa siku ya usafi. Jirani zetu wa Rwanda wana umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, Jumamosi hiyohiyo, na wao wameuweka kwenye sheria. Wako wanaosema kazi ya kuamriwa haiwezi kuitwa kujitolea. Nami niliamini hivyo, ila sasa nasita. Nimemwona mtu aliyesimama na ufagio hadi picha ikapigwa, kisha akatoweka. Nimemwona pia aliyekuja akinung'unika, na ilipofika saa nne alikuwa akibishana na wenzake kwa ari kuhusu mteremko wa mtaro uelekee wapi. Waliitwa kwa tangazo moja. Amri inaweza kumtoa mtu nyumbani. Haiwezi kumfanya abishane kuhusu mteremko. Ubishi ule ndio ulionionyesha kwamba kazi imekuwa yake.

Na Jumamosi aliyoitaja yule kijana haikuwa ya serikali. Ilikuwa ya kwetu, tuliyokubaliana kwenye kikao. Kukubaliana kulitosha. Hakuahidi kuupenda mtaa, wala kuishi humo hadi uzee. Alisema Jumamosi atakuwepo, na Jumamosi ikafika.

Hapa inabidi niulize ujirani ni nini hasa. Tunauzoea kama ukaribu wa kuta, lakini humu mjini unaweza kukaa miaka mitano ukuta kwa ukuta na mtu usiyemjua jina. Mtaro unanifundisha maana nyingine. Mfuko nilioutupa leo hauzibi mlangoni kwangu, unaziba kwa mama lishe aliye nyumba sita chini yangu. Jirani, basi, ni yule ambaye maisha yangu yanamfikia, nijue nisijue. Mwaka 2015 wanafunzi wa vyuo vikuu pamoja na wakazi walianza kuchora mitaa ya Dar es Salaam katika mradi wa Ramani Huria, nyumba kwa nyumba na mtaro kwa mtaro. Ramani hizo ni za kupambana na mafuriko, lakini mimi nikizitazama naona mistari inayoonyesha nani anamfikia nani. Ujirani ulikuwepo kabla ya kuchorwa. Kujitolea ni kuukubali.

Je, ikiwa kuna malipo? Miaka ya 1990, huko Hanna Nassif, Kinondoni, mitaro na njia za mtaa zilijengwa kwa kazi ya wakazi wenyewe, wanawake kwa wanaume, na wachimbaji walipata ujira. Mtu anaweza kusema hapo hapakuwa na kujitolea. Naona anaangalia jasho peke yake. Katika mtaa uliojengwa bila kupimwa, mtaro haupiti mpaka mtu akubali kuupisha: huyu avunje ngazi ya baraza, yule arudishe ukuta nyuma hatua mbili. Ziko pia zile jioni za vikao visivyoisha, za kusikilizana na mtu usiyempenda. Hakuna anayelipa ujira wa hayo, na bila hayo beleshi halina pa kuchimba.

Lipo jambo linaloniuma, na sitalipamba. Wanaotoa zaidi mara nyingi ndio wenye kidogo. Asubuhi ya mama lishe ni mtaji, akiitoa ameifunga biashara. Anayekaa Masaki, mtaa wa matajiri, hachimbi mtaro wake, na hakuna anayemwita mtu asiyejali. Kwa nini basi upendo wa mtaa upimwe kwa tope la Tandale peke yake? Jumamosi ile tulitoa tope tukalirundika kando, kwa ahadi kwamba gari litakuja kulizoa. Wiki mbili zilipita, gari halikuja. Tope likikaa kando ya mtaro, mvua ya kwanza hulirudisha lilikotoka, na jasho la watu hamsini linafutwa kwa saa moja. Ahadi ya mtu kwa jirani yake imetimizwa, ya mwenye dhamana kwa raia wake imelala. Tukizisifu nguvu za wananchi bila kuiulizia ahadi hii ya pili, tutakuwa tumewafanya watu wema wawe kisingizio.

Yule kijana alihama Jumapili ya mwisho wa mwezi. Kirikuu kimoja kilibeba vitu vyake vyote, godoro likiwa juu. Kilipofika kwenye kona ya mtaro akamwomba dereva asimame. Akashuka, akaliendea lundo letu upande lilikokuwa limeanza kumomonyoka, akalisukuma nyuma kwa mguu mara mbili tatu, akakung'uta kiatu, akapanda tena.