Kuomba Kupunguziwa Bei ni Dhambi?

Kijana mmoja aliniuliza kama ni dhambi kuomba kupunguziwa kwenye viduka vya nguo vya Moi Avenue. Hapana. Muuzaji hutaja bei ya kwanza akijua utaomba. Ukilipa bila neno, yeye mwenyewe hushangaa. Shida iko kwingine. Mithali 20:14 inamtaja mnunuzi anayeiponda bidhaa, kisha akienda zake anajisifu. Si ni sisi hao! Rinda umelipenda tangu mlangoni, lakini unamwambia dada, "Hii kitambaa ni duni, nimeona ya mia tano pale mbele." Hujaona. Nilisomea biashara, kodi ya kiduka hailipwi na faida ya shilingi hamsini. Mwambie, "Dada, nimelipenda, lakini niko na mia nane." Akikataa, mwachie rinda lake.