Fundi Aliyenyamazisha Maumivu

Hapo Ngamiani, Tanga, paliondokea fundi cherehani aliyesifika kwa mambo mawili: kanzu zake hazikuwa na kasoro, na yeye mwenyewe hakuwahi kusikika akilalamika. Kifua kikuu kilimpata ujanani. Alimaliza dawa akapona, lakini ugonjwa ulimwachia shimo katika pafu la kulia. Miaka ikapita, kuvu ikaota ndani ya lile shimo, naye akaanza kukohoa damu. Madaktari wa Dar es Salaam wakaamua kuwa sehemu ya juu ya pafu hilo iondolewe.

Upasuaji ulikwenda salama. Alipozinduka alikuta mpira umetoka ubavuni mwake ukaingia kwenye chupa ya maji sakafuni, na kila akikohoa maji yale yakitoa mapovu. Bandeji ilipofunguliwa alijipinda kuutazama mshono uliopita chini ya kwapa hadi mgongoni, akaukagua kwa jicho la ufundi. "Daktari ana mkono," akasema. Juu ya kidonda hakuongeza neno. Nesi akimuuliza, "Mzee, maumivu yakoje?" jibu lilikuwa moja tu: "Alhamdulillahi." Vidonge vya maumivu alivisukumia chini ya mto.

Basi, kidonda cha kifua hakina mapumziko. Mguu ukiumia utaulaza, lakini mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi mara 12 hadi 20 kwa dakika, na kila pumzi huzisogeza mbavu zilizotanuliwa wakati wa upasuaji pamoja na mishipa ya fahamu ipitayo chini ya kila ubavu. Anayeumia asitake kusema hujitafutia ahueni mwenyewe: hupumua kijuujuu, hubana kikohozi, hupandisha bega, huuma meno. Misuli ikikakamaa maumivu huzidi, maumivu yakizidi usingizi hupaa, na aliyekesha leo kesho huumia maradufu. Huku nyuma sehemu za chini za mapafu hukosa hewa zikasinyaa, makohozi yakatuama, na nimonia ikapata makao.

Ndivyo ilivyomfika fundi. Homa ilipanda, akaanzishiwa antibayotiki. Nesi wa zamu ya usiku, mama wa makamo, alipokuwa akitandika kitanda akaviona vidonge.

"Baba yangu, hapa humkomoi mtu ila pafu lako," alisema. "Meza kwanza, nitarudi."

Dawa ilipokolea akarudi. Akainua kichwa cha kitanda, akaweka mto chini ya mkono wa kulia ili bega lisining'inie. Mkono wa kushoto wa mgonjwa akauweka juu ya tumbo lake mwenyewe. "Vuta kwa pua, taratibu, tumbo liuinue mkono. Sasa toa kwa mdomo kama anayepoza uji. Kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Usilazimishe, ukisikia kizunguzungu, acha, upumue kawaida."

Kisha akamshusha miguuni. "Kunja vidole, bana kidogo, achia. Panda kwenye mashavu ya miguu. Mapaja. Viganja. Taya hilo nalo, umeling'ata tangu juzi. Upande wa mshono usibane kabisa, uache ulegee wenyewe." Namna hii ya kubana na kuachia msuli mmoja baada ya mwingine ilienezwa na daktari Mmarekani, Edmund Jacobson, aliyeitolea kitabu mwaka 1929. Daktari mwingine, Herbert Benson wa Harvard, aliandika mwaka 1975 kwamba kurudia neno moja kwa utulivu huupunguzia mwili mapigo ya moyo na kasi ya pumzi. Nesi hakutaja majina hayo. Alimwambia achague neno alipendalo, naye fundi akachagua "Subhanallah", moja kwa kila pumzi itokayo.

Akafundishwa pia kukumbatia mto juu ya kidonda kila anapotaka kukohoa, ili mbavu zisitikisike na makohozi yatoke. Mchana akakatazwa kulala ovyo. Akae kitini, atembee ukumbini, usiku umkute amechoka. Usiku ule alilala mpaka adhana ya alfajiri, na homa nayo ikashuka siku zilizofuata.

Hadithi ingeishia hapo ingekuwa nzuri, lakini fundi alirudi Ngamiani akawa mwalimu. Aliyekuja kumjulia hali akilalamika mgongo au kichwa, aliketishwa barazani akafundishwa kupumua. Vidonge akaviweka kando kwa mara nyingine, safari hii kwa fahari. Kutembea nako kukapungua, kwa kuwa muda mwingi alikuwa amejilaza akilegeza mwili.

Jioni moja shavu la mguu wa kushoto lilivimba likawa la moto. Usiku kifua kikamchoma mahali pasipo na mshono, na pumzi ikawa fupi.

"Twende hospitali," mkewe alisema.

"Ngoja kwanza nipumue."

Akalala chali, akaanza Subhanallah zake. Hofu ikapungua kidogo, naye akadhani ugonjwa ndio uliopungua. Mkewe hakungoja. Akaita bajaji, akamshika mkono, wakaenda. Damu ilikuwa imeganda kwenye mshipa wa mguu, na kipande kimesafiri hadi kwenye pafu. Alinusurika kwa dawa za kuzuia damu kuganda, na daktari akamwambia wazi kwamba angekawia hadi asubuhi pengine asingefika.

Waswahili husema mficha maradhi kifo humuumbua. Fundi aliyaficha mara mbili: kwanza kwa kuuma meno, kisha kwa pumzi nzuri. Pumzi na kulegeza misuli hutuliza maumivu unayoyajua, ya mshono, yanayopungua siku hadi siku, na huyatuliza vyema zaidi yakiwa pamoja na dawa kwa saa na kipimo cha daktari. Maumivu mageni yana habari ya kupeleka hospitali. Pumzi kukata, mguu mmoja kuvimba, homa, damu kwenye makohozi, usaha kidondani: hakuna hata moja la kulilalia. Wala usingizi ukikataa usijiongezee vidonge vya kulala au pombe, kwa maana baadhi ya dawa kali za maumivu hupunguza kasi ya kupumua, na zikichanganywa na hivyo zinaweza kuua.

Siku hizi kabla fundi hajaanza zoezi, mkewe humuuliza maswali matatu: Dawa umemeza? Leo umetembea? Maumivu haya ni yaleyale ya jana au ni mapya? Kila aliyetoka kupasuliwa kifua ajiulize hayo kila usiku. Kama dawa haijamezwa, aimeze kwanza. Kama hajatembea, ainuke azunguke ua. Na kama maumivu ni mapya, zoezi lingoje, hospitali isingoje.