Mpatanishi Mwenye Faida Yake



Swali moja linasikika sana kambini kwetu: je, mtu mwenye faida yake anaweza kupatanisha majirani wawili wanaogombana?

Tunazungumza juu ya Marekani, Kongo na Rwanda. Tarehe 27 Juni 2025 mawaziri wa mambo ya nje wa nchi hizo mbili walitia sahihi mapatano ya amani huko Washington. Tarehe 4 Desemba 2025 Rais Tshisekedi na Rais Kagame waliyathibitisha mbele ya Rais Trump. Siku hiyo hiyo Marekani ilipatana na kila upande juu ya uchumi, madini yakiwemo. Haikupita hata wiki mbili, waasi wa M23 wakaingia Uvira, na maelfu ya watu wakakimbilia Burundi.

Wengine wetu wanasema: hayo ni mapatano ya madini, hayatuhusu. Sisi hatusemi hivyo. Kuwa na faida si dhambi. Mwenye duka anayetaka njia iwe salama kwa ajili ya mizigo yake huwafaa hata wapita njia wasio na kitu. Tena mwenye nguvu anaweza kubana: mwaka 2012 Marekani ilizuia dola 200,000 za msaada wa kijeshi kwa Rwanda.

Hatari iko kwingine. Anayefanya biashara na wote wawili hupata shida kumwambia mmoja wao, "Umekosa." Baada ya Uvira kutekwa, Waziri Marco Rubio alisema wazi kwamba vitendo vya Rwanda vimevunja mapatano, ingawa Rwanda ilikuwa ikikana kuwasaidia waasi. Kusema hivyo kulikuwa haki. Lakini je, atasema tena siku faida yake itakapoguswa? Hapo ndipo mpatanishi hupimwa. Kutopendelea si kunyamaza mbele ya wote wawili, bali ni kumwambia kila mmoja ukweli ule ule.

Kwa hiyo tusipime amani kwa picha za wakubwa. Tuulize: mama wa Uvira anakwenda shambani na kurudi salama?

Nasi tutumie kipimo hicho hicho hapa kambini. Tunapopatanisha majirani kwenye bomba la maji, tusiulize kwanza ni wa kabila gani, wala nani alitukopesha unga. Tuseme kweli kwa upendo.

Bwana awabariki.