Upanga Alioutaja Bwana

Mara nyingi twaulizwa juu ya neno la Mathayo 10:34, ambapo Bwana aeleza ya kuwa kuja kwake duniani kwaleta upanga. Je, Yeye tumwitaye Mfalme wa Amani ataletaje vita?

Na tuisome sura yote. Wale kumi na wawili watumwa kama kondoo kati ya mbwa mwitu, tena wakatazwa kuchukua hata fimbo. Mtu asiye na fimbo atapigana kwa upanga gani? Luka naye, katika 12:51, mahali pa upanga ataja mafarakano. Na yale yafuatayo, ya mwana na baba yake, ya mkwe na mavyaa wake, yatoka kwa nabii Mika, 7:6, aliyeyalilia mambo hayo, wala hakuyasifu. Basi upanga huu haumo mkononi mwa mwanafunzi, wamwangukia.

Hapa wengi wetu, hata walimu, tumekosea. Kijana aliyebatizwa akikataa kushiriki tambiko la ukoo, yamkini baba yake atamtenga katika chakula. Huo ndio upanga. Lakini kijana akiacha kumwamkia baba, asimlimie shamba, kisha akajisifu kuwa Bwana ndiye aliyewatenga, upanga huo ameufua mwenyewe. Naye Petro aliambiwa aurudishe wake alani. Na aende kumwamkia baba yake kila asubuhi, ajapokuwa hajibiwi. Huenda mzee asilainike kamwe. Mstari huu haukuahidi kwamba atalainika.